Dan Eldon: Kijana wa Nairobi aliyeacha shajara 17

Jumatatu ya tarehe 12 Julai 1993, wanahabari wanne waliuawa wakiwa kazini mjini Mogadishu, Somalia. Watatu walikuwa wakifanyia kazi shirika la habari la Reuters: mpiga picha Hos Maina, fundi wa sauti Anthony Macharia, na mpiga picha Dan Eldon. Wa nne, Hansi Krauss, alikuwa Mjerumani, mpiga picha wa shirika la Associated Press.

Maina na Macharia walikuwa Wakenya. Dan alikuwa mtoto wa baba Mwingereza na mama Mmarekani, lakini alikulia Nairobi tangu akiwa na umri wa miaka saba. Siku hiyo alikuwa na miaka 22. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu atimize 23.

Katika makala haya tunafuatilia maisha ya Dan, hasa ile miaka michache tangu alipomaliza shule hadi alipofika Mogadishu. Tunaweza kuifuatilia kwa sababu tangu ujana wake alikuwa na mazoea ambayo vijana wengi huyaanza na kuyaacha: aliweka shajara. Alipokufa, aliacha shajara 17.

Mwishoni tutarudi kwa wenzake waliokufa naye, kwa maana habari yake haikamiliki bila wao.

Kutoka London hadi Nairobi

Dan Eldon alizaliwa London tarehe 18 Septemba 1970. Mwaka wa 1977 baba yake, Mike Eldon, alipata kazi ya kusimamia shughuli za kampuni ya kompyuta katika Afrika Mashariki, na familia yote ikahamia Nairobi: baba, mama, Dan na dada yake mdogo, Amy.

Mama yake, Kathy Eldon, alikuwa mwandishi wa habari. Aliandika kuhusu watu na maisha ya Kenya, na mara nyingine alipokwenda kumhoji mtu aliwachukua watoto. Dan akaenda na kamera. Alikuwa bado mtoto wa shule wakati picha zake zilipoanza kutokea kwenye magazeti ya hapa nchini pamoja na makala za mama yake.

Kwa hiyo ufundi hakuanzia darasani. Alianza kama mtoto wa fundi seremala anavyoanza: kwa kufuatana na mzazi, kubeba kifaa, kuangalia, kisha kujaribu.

Nairobi aliyoijua Dan ilikuwa na watu wa kila aina, lakini pia ilikuwa na kuta. Wageni wengi waliishi upande wao, wakasoma shule zao, wakamjua Mkenya kama mpishi au mlinzi wa lango. Dan naye alisoma katika shule ya kimataifa, na hakuna haja ya kuficha kwamba alikuwa mtoto wa familia yenye uwezo. Tofauti yake ni kwamba alipenda kutoka nje ya ukuta. Alikwenda kwa Wamaasai, alikaa nao, na marafiki zake walikuwa wa rangi na lugha nyingi.

Shajara zenyewe zilikuwaje?

Shajara ni daftari ambalo mtu huandika mambo yake ya kila siku: alikokwenda, aliyemwona, alichofikiri. Wengi wetu tumewahi kuwa nalo shuleni, tukaandika wiki mbili, kisha likapotelea chini ya kitanda.

Dan alianza zake akiwa kijana wa sekondari, na hakuacha. Lakini mtu anayetarajia kukuta kurasa za maandishi tupu atashangaa. Dan alibandika. Alichukua picha alizopiga, akazikata, akazipanga upya, akazipaka rangi juu, akachora pembeni. Alibandika vipande vya magazeti, ramani, tiketi na noti. Maandishi yalipita katikati ya vitu hivyo, mara yakiwa ya mzaha, mara yakiwa ya uchungu. Daftari lililonunuliwa likiwa jembamba lilivimba mpaka likakataa kufungika.

Kuna katuni humo ndani. Kuna wasichana aliowapenda. Kuna kejeli kwa wakubwa wa dunia na kwa watalii, na kuna kejeli kwake mwenyewe. Kuna furaha ya kupindukia, na kuna kurasa nzito, kwa sababu maisha ya nyumbani hayakuwa laini siku zote. Wazazi wake walitengana wakati yeye anaanza utu uzima, na jambo hilo lilimuumiza.

Jambo moja ni muhimu kulikumbuka: hakuzitengeneza kwa ajili ya kuuza. Ni watu wachache tu aliowaonyesha. Kila tunapozizungumzia leo, tunazungumzia kitu ambacho mwenyewe alikiweka karibu na moyo wake.

Shanga na harambee

Ukiangalia miaka yake ya shule, utaona tabia nyingine inayokua sambamba na shajara. Dan hakuweza kuona tatizo akaishia kulipiga picha.

Alipokuwa na miaka 14, yeye, dada yake na marafiki zao walifanya harambee ya kumlipia msichana Mkenya aliyehitaji kupasuliwa moyo. Walikuwa watoto wenyewe, lakini walikusanya fedha.

Mwaka uliofuata alianza kununua shanga kutoka kwa familia moja ya Kimaasai na kuziuza kwa wanafunzi wenzake na marafiki. Akina mama wa familia ile walikuwa na ufundi lakini hawakuwa na soko, na yeye alikuwa na soko shuleni kila asubuhi. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka vitunguu mjini kwa niaba ya jirani anaelewa biashara hiyo.

Dan alimaliza sekondari mwaka wa 1988. Wenzake walimchagua kuwa mwanafunzi bora kuliko wote, naye akapewa tuzo ya huduma kwa jamii. Kisha akafanya kama vijana wengi wa aina yake wanavyofanya: akaondoka Kenya.

Alikwenda New York kufanya kazi katika jarida la mitindo la wanawake, Mademoiselle. Mapema mwaka wa 1989 alijiunga na chuo huko Pasadena, California. Katika miaka michache iliyofuata alipita vyuo kadhaa, Marekani na London, bila kutulia katika hata kimoja. Mzazi akimtazama kijana wa namna hiyo huingiwa na wasiwasi. Ana akili, ana kipaji, lakini anagusa hiki anaacha, anashika kile anaacha. Shajara ndicho kitu pekee ambacho hakukiacha.

Gari lililoitwa Deziree

Kila likizo Dan alirudi Afrika. Alikuwa na Land Rover kuukuu ambayo aliipa jina kama mtu anavyompa jina ng'ombe wake: Deziree. Mwaka wa 1989 yeye na rafiki yake walisafiri kwa Land Rover kuelekea kusini, wakipita nchi kadhaa.

Anayejua barabara zetu za miaka ile hahitaji kuelezwa. Gari kuukuu lina hadithi zake: tairi, tanki linalovuja, usiku unaokukuta mahali ambapo hukupanga. Kwa Dan yote hayo yalikuwa mali ya shajara. Aliamini kwamba safari si kufika. Aliandika hata aina ya azimio la safari zake, na maana yake ni hii: kwenda kuyaona mageni na yale uliyoyazoea, ya mbali na ya karibu, kwa jicho la mtoto, na kuandika kila kitu, kizuri na kibaya.

Wakati huo Malawi ilikuwa imebeba mzigo mkubwa. Nchi jirani ya Msumbiji ilikuwa vitani tangu miaka ya 1970, serikali ya Frelimo ikipigana na waasi wa Renamo. Wanakijiji wa Msumbiji walikimbia kwa miguu hadi ng'ambo ya mpaka. Vita vilipokuwa vikali, Malawi, nchi ndogo na maskini, ilihifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja.

Dan aliiona kambi ya wakimbizi, akaondoka, lakini habari yake haikumtoka. Alipokuwa mwanafunzi California alikusanya wenzake, wakaanzisha kikundi cha kuchangisha fedha kwa ajili ya wakimbizi wale. Alirudia ujanja wake wa shanga: alinunua vitu vya mikono Morocco na kuviuza Marekani. Wakapata maelfu ya dola.

Mwaka wa 1990 vijana hao, waliotoka nchi mbalimbali, walikutana Nairobi. Hawakutaka kutuma hundi kwa posta. Walipanda magari wakaenda wenyewe, wakapita Tanzania, wakaingia Malawi. Huko walikabidhi gari moja kwa shirika la Save the Children, wakatoa fedha za visima, na mablanketi kwa ajili ya watoto wagonjwa.

Wapo watakaosema kwamba ile ilikuwa safari ya matembezi ya vijana wenye nafasi. Ndiyo, walifurahi njiani, na shajara zinaonyesha walivyofurahi. Lakini gari lilibaki Malawi. Mtu anaweza kufurahi na bado akafikisha mzigo.

Somalia mwaka wa 1992

Mapema mwaka wa 1992 Dan alikuwa tena Kenya, akifanya kazi ya chini katika utengenezaji wa filamu ya sinema. Huenda angeendelea na sinema. Lakini ng'ambo ya mpaka wa kaskazini mashariki mambo yalikuwa yameharibika.

Tuwakumbushe kwa ufupi. Rais Siad Barre wa Somalia alipinduliwa Januari 1991. Hakuna aliyeshika nchi baada yake. Makundi yenye silaha yalipigania mji mkuu, yakapora mashamba na maghala, na ukame ukaja juu yake. Kati ya Baidoa na pwani, eneo lenye mashamba mazuri zaidi ya nchi ile, wakulima waliporwa nafaka hadi mbegu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa njaa na magonjwa yake. Mji wa Baidoa ulipata jina la mji wa mauti. Kila asubuhi gari lilizunguka kukusanya maiti.

Dan alikwenda huko katikati ya mwaka wa 1992, akiwa na miaka 21. Alikwenda akiwa kijana mwenye kamera na akarudi na picha ambazo Reuters ilizinunua. Muda si mrefu akawa anafanyia kazi shirika hilo. Alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo kuionyesha dunia njaa ile.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hujiuliza: inawezekanaje mtu akasimama mbele ya mtoto anayekufa kwa njaa, akanyanyua kamera badala ya kunyanyua sahani?

Ni swali la haki. Jibu moja tunalijua kutoka historia ya Kenya yenyewe. Mwaka wa 1984 Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya, alirekodi njaa ya Ethiopia. Wataalamu walikuwa wamepiga kelele kwa miezi mingi bila kusikilizwa. Picha za Amin zilipoonyeshwa kwenye televisheni, chakula kilianza kumiminika. Sahani moja humlisha mtoto mmoja siku moja, na picha inaweza kuleta meli nzima.

Lakini jibu hilo halimalizi uchungu wa yule aliyesimama pale. Meli haitamkuta mtoto aliyemwona. Kijana aliyekuwa amezoea kuona tatizo na kulitafutia shanga za kuuza, sasa alikuwa mbele ya tatizo lisilo na shanga za kulitosha. Kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni kamera, akaishikilia.

Picha zilivyofika duniani

Kwa msikilizaji aliyezaliwa wakati wa simu za mkononi, tueleze kazi ilivyokuwa. Kamera ilitumia filamu, mkanda mdogo uliotosha picha 36, na hukuweza kuona ulichopiga mpaka filamu isafishwe kwa dawa gizani. Mogadishu haikuwa na umeme wa kutegemewa, wala studio. Wanahabari waligeuza chumba cha hoteli kuwa chumba cha giza, kisha picha iliyo bora ikatumwa kwa simu ya setilaiti, taratibu. Leo kijana hupiga picha sokoni, na kabla hajavuka barabara watu wameshaiona. Wakati ule kila picha iliyofika ilikuwa imegharimu saa nyingi na hatari.

Na mpiga picha hakufanya kazi peke yake. Alihitaji dereva, mkalimani, walinzi, na wenzake wa video na sauti.

Meya wa Mogadishu

Picha za njaa zilisaidia kuisukuma dunia. Desemba 1992 wanajeshi wa Marekani walitua kwenye ufuo wa Mogadishu, wakisema wanakuja kulinda misafara ya chakula. Wanahabari walikuwa wakiwasubiri ufuoni na taa za kamera.

Dan alibaki. Kufikia mwaka wa 1993 alikuwa anajulikana mjini. Alitembea barabarani, alisalimia watu, alitania askari na watoto. Walimpachika jina la Meya wa Mogadishu. Tabia ya biashara haikuwa imemtoka: aliuza fulana na kadi za posta, na alichapisha kitabu kidogo cha picha zake za Somalia.

Lakini mji ulikuwa unabadilika. Tarehe 5 Juni 1993 wanajeshi 24 wa Pakistani waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa. Umoja wa Mataifa ukamlaumu Jenerali Mohamed Farah Aidid, ukaanza kumsaka. Helikopta zilizokuwa zikilinda chakula sasa zikawa zinapiga nyumba. Watu waliokuwa wakipunga mkono kwa wageni wakaanza kuwatazama kwa jicho lingine.

Picha za Dan za mwezi ule zilitoka katika magazeti na majarida makubwa duniani. Kwa mpiga picha wa miaka 22, hayo yalikuwa mafanikio ambayo wengine huyatafuta maisha yao yote. Kwa watu wa Mogadishu, zilikuwa picha za mji wao ukiungua.

Tarehe 12 Julai

Asubuhi ya siku hiyo helikopta za Marekani, zikifanya kazi pamoja na Umoja wa Mataifa, zilishambulia kwa makombora nyumba moja mjini. Umoja wa Mataifa ulisema ni kituo cha kamandi cha Aidid. Lakini ndani yake walikuwemo wazee wa ukoo waliokuwa wamekutana kwa mkutano. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu zaidi ya watu 50 waliokufa.

Wasomali walikwenda hotelini walikokaa wanahabari. Waliwataka waje na kamera zao wakaone kilichofanyika, ili dunia nayo ione. Wanahabari walikwenda kwa msafara, chini ya ulinzi wa Wasomali. Waliitwa, wakaitika. Hiyo ndiyo kazi.

Walipofika na kuanza kupiga picha, umati ukawageuka. Watu waliokuwa wametoka kuona maiti za ndugu zao waliona nyuso za kigeni na vifaa vya kigeni, na hasira ikakosa macho. Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss walipigwa kwa mawe na fimbo hadi kufa. Mwenzao wa Reuters, mpiga video Mohamed Shaffi, alijeruhiwa lakini alinusurika.

Ni rahisi kutafuta mbaya mmoja katika habari hii. Sisi hatumwoni. Tunaona wazee waliouawa mkutanoni, na tunaona vijana waliouawa saa chache baadaye kwa sababu walikwenda kuwashuhudia wazee hao. Damu ya asubuhi ilizaa damu ya mchana. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1993, mji huohuo uliona vita vikubwa zaidi, na majeshi ya kigeni yakaanza kupanga kuondoka.

Madaftari yafunguliwa

Dan hayupo, lakini shajara zake zilibaki. Mwaka wa 1997 mama yake alitoa kitabu chenye kurasa zilizochaguliwa kutoka shajara zile, na kikasomwa na vijana katika nchi nyingi. Mwaka uliofuata dada yake, Amy, alionekana katika filamu kuhusu wanahabari wanaofanya kazi vitani. Baadaye maisha ya Dan yakatengenezewa filamu ya sinema.

Je, ilikuwa sawa kufungua daftari ambalo mwenyewe hakulichapisha? Kila familia iliyowahi kukuta barua za marehemu sandukuni inalijua swali hilo. Wengine huzichoma, wengine huzifunga tena, na wengine huzisoma kwa sauti mbele ya wajukuu. Mama yake Dan alichagua kuzisoma kwa sauti. Sisi tunaona alichagua vizuri, kwa sababu shajara zimemfanya mwanawe awe zaidi ya jina katika orodha ya waliouawa. Tunamjua akiwa anacheka, akiwa amependa, akiwa amekasirika, akiwa amekosea njia.

Hapo ndipo tunaporudi kwa Hos Maina na Anthony Macharia, kama tulivyoahidi. Walikufa mahali pamoja, saa ile ile, kwa kazi ile ile. Hos Maina alikuwa mpiga picha mwenye uzoefu. Anthony Macharia alikuwa kijana wa kushika maikrofoni, kazi ambayo sisi wa redio tunaijua. Ukimsikia mtu akilia katika filamu ya habari, ukasikia risasi kwa mbali na sauti ya mama akiita jina la mwanawe, yupo fundi wa sauti aliyesimama karibu kiasi cha kuzinasa. Jina lake halionekani kwenye picha.

Jina la Dan limevuka bahari. La Hos na la Anthony hutajwa zaidi na wanahabari, hasa wale wa Kenya, na mara nyingi hutajwa baada ya lake. Tofauti haiko katika ujasiri wao. Dan alikuwa na daftari, na alikuwa na familia yenye uwezo wa kuligeuza daftari kuwa kitabu. Maisha ya watu wengi wa kwetu hayana vyote viwili. Mtu anaishi miaka 70, anajenga, anasomesha, anapatanisha majirani, kisha anabaki katika picha moja ya kitambulisho na hadithi ambazo zinapungua kila msiba.

Kwa hiyo msikilizaji, tunakuomba ufanye jambo moja jepesi. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, andika mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alizaliwa, nani aliuza shamba na kwa nini. Simu uliyoishika sasa ni kamera bora kuliko nyingi za mwaka wa 1993, na ina maikrofoni. Mwekee babu, umwulize walikuja vipi mahali hapa. Na ile picha iliyoko ukutani, igeuze leo, uandike nyuma yake majina ya waliomo, kuanzia kushoto, na mwaka. Baada ya wewe, huenda hakuna atakayewajua.

Nasi kwa upande wetu tutatimiza la kwetu. Kila tarehe 12 Julai tutakapowataja waliouawa Mogadishu, tutawataja wote wanne, tukianza na Anthony Macharia, fundi wa sauti.